Jinsi ya kupata mkutano wa watu wanaoacha pombe: mwongozo kamili

Andika "AA Nairobi" kwenye simu na usishangae ukiletewa shule ya udereva. Huko Kenya herufi hizo mbili zilichukuliwa zamani na chama cha wenye magari. Mtu amejikaza wiki nzima ndipo akathubutu kutafuta msaada wa pombe, na anachokutana nacho ni bei ya kujifunza kuendesha lori. Anaizima simu, na jioni anarudi kule kule. Kwa hiyo jambo la kwanza ni dogo tu: andika jina zima, Alcoholics Anonymous, kisha jina la mji wako.

Hata ukiuliza vizuri, mtandao unaijua sehemu tu ya mikutano iliyopo huku kwetu. Vikundi vingi havina ofisi wala bango. Ratiba yao iko kichwani mwa katibu na kwenye simu za wanachama. Ndiyo maana mwongozo huu utakutuma kwa watu mara nyingi kuliko utakavyokutuma kwenye tovuti.

Mikutano ninayoisema ni ya waraibu kwa waraibu. Watu walioshindwa na pombe hukaa pamoja, husimuliana yaliyowakuta, na husaidiana wasinywe leo. Haiongozwi na daktari wala mhubiri, na hakuna ada ya kuingia.

Kabla ya mkutano, mwili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna watu hufa kwa kutoambiwa.

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue ndipo uweze kushika kikombe, usiache ghafla ukiwa umejifungia chumbani peke yako ati kesho uende mkutanoni ukiwa msafi. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu ukinyimwa kwa mara moja huasi. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege inaweza kumwangusha mtu ndani ya saa 48 za mwanzo, hata ambaye hajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, hawajui walipo, homa inapanda na moyo unakwenda mbio. Hali hiyo huua isipotibiwa.

Nyumbani watu wakimwona mtu hivyo husema karogwa, au kapandisha mashetani, na gari linaelekezwa kwa mganga. Mpelekeni hospitali. Huko kuna dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zinazotolewa kwa siku chache huku zikipunguzwa, na vitamini B1 ya kukinga ubongo. Daktari ataulizia kiasi, na hapo ndipo wengi hujibu "kidogo tu, za kijamii." Mwambie kwa vipimo vya kwenu: chupa ndogo ya Konyagi kila jioni, au vikombe vinne vya chang'aa kuanzia saa tatu asubuhi, au ulanzi wa kutwa nzima. Daktari hupanga dozi kulingana na kile alichoambiwa.

Aliyewahi kupata degedege alipoacha, mjamzito, na mwenye kisukari, ini bovu au ugonjwa wa moyo, aanzie hospitali bila kujadiliana na mtu. Wengine wanaweza kwenda hospitali na mkutanoni wiki hiyo hiyo. Na hili wengi hawalijui: unaweza kuingia mkutanoni ukiwa bado hujaacha. Kama umekunywa siku hiyo, utaombwa tu usikilize bila kuzungumza.

Kama unajiuliza iwapo tatizo lako limefikia kiwango hicho, Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, lenye alama kutoka 0 hadi 40. Alama 8 na kuendelea ni dalili ya unywaji hatari. 20 na kuendelea, muone mtaalamu kwa sababu huenda ni uraibu kamili. Mhudumu wa afya ya akili hulimaliza na wewe kwa dakika chache. Mlangoni mwa mkutano, lakini, hakuna atakayekuuliza alama zako.

Ni mkutano wa nani unaokufaa?

AA ndiyo kongwe na ndiyo iliyoenea zaidi. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani, pale mfanyabiashara wa hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alipomtafuta daktari mpasuaji aliyekuwa bado anakunywa. Yule wa kwanza hakwenda kutoa huduma. Alikuwa anahofia kwamba yeye mwenyewe angekunywa jioni ile, akahisi kwamba akizungumza na mlevi mwenzake angevuka. Mpango mzima wa AA umejengwa juu ya hilo. Una hatua 12 ambazo mwanachama hupitia moja baada ya nyingine, unamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa sisi", na sharti lake la kujiunga ni moja: uwe unataka kuacha kunywa.

NA, yaani Narcotics Anonymous, ilizaliwa California mwaka 1953 kwa mtindo huo huo, kwa ajili ya dawa za kulevya. NA huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine, kwa hiyo mnywaji anakaribishwa. Kwa wasomaji wa mwambao hili lina uzito. Kuanzia Lamu na Malindi hadi Unguja, mahali ambapo heroini iliumiza familia nyingi, utasikia habari za NA na soba hausi, yaani nyumba ambamo waraibu huishi pamoja wakijifunza kuacha, kabla hujamsikia mtu akitaja AA. Kama mjini kwako kuna NA tu, nenda NA. Utakuta mtu wa unga na mtu wa mnazi wameketi benchi moja na wanaelewana vizuri sana.

Asiyetaka habari za Mungu wala hatua ana SMART Recovery, iliyoanza Marekani mwaka 1994, inayotumia mbinu za saikolojia na mazoezi ya kuandika. Huku kwetu utaipata zaidi kwa mtandao. Wakristo wanaotaka mkutano wenye Biblia wazi wazi wana Celebrate Recovery, iliyoanzia kanisani California mwaka 1991. Waislamu wana Millati Islami, iliyoanzishwa Baltimore mwaka 1989, ambayo ilizichukua zile hatua 12 na kuzipanga kwa misingi ya Uislamu. Wengi wa pwani hawajawahi kuisikia, na ni wao walioihitaji zaidi, maana Mwislamu mwenye tatizo la pombe hubeba aibu mbili, ya ulevi na ya dini, na ya pili humfanya aifiche ya kwanza hadi ini linapokwisha.

Ushauri wangu ni huu: usitumie mwezi mzima kulinganisha. Chagua mkutano ambao nauli yake unaimudu na saa yake unaiweza, wiki hii. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, yenye tafiti 27 na washiriki 10,565, yaliona kwamba programu zilizowaunganisha watu na AA kwa mpangilio mzuri hazikuzidiwa na tiba nyingine za ushauri, na katika kuacha kabisa zilifanya vizuri zaidi. Haina maana kwamba AA humfaa kila mtu. Ina maana hupotezi muda ukianzia hapo.

Wapi pa kuulizia

Kenya, piga 1192. Ni namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na hupokelewa usiku na mchana. Usiishie kusema "nataka msaada," kwa sababu utapewa ushauri mzuri na majina ya vituo vya kulazwa. Uliza mawili waziwazi: je, mnajua mkutano wa AA au NA karibu na eneo langu? Na kama hamjui, kituo gani cha tiba hapa karibu huendesha mikutano inayopokea watu wa nje?

Swali hilo la pili huzaa matunda. Vituo vingi vya tiba ya uraibu, vile watu wanavyoviita rihabu, vina mikutano ya wagonjwa wao, na baadhi huwa na siku moja ya wiki ambayo waliokwisha kutoka hurudi kukaa na wenzao. Siku hiyo mara nyingi mlango huwa wazi kwa wengine pia. Si lazima ulazwe wala ulipe ndipo ukae kwenye kiti hicho.

Tanzania Bara, anzia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Usikae foleni ya wagonjwa wa nje kutwa nzima. Ulizia moja kwa moja ofisi ya ustawi wa jamii au muuguzi wa afya ya akili. Hao ndio wanaojua kikundi gani kipo na kipi kilikufa. Mirembe kule Dodoma na Muhimbili jijini Dar es Salaam wana watu wanaoshughulika na uraibu kila siku. Zanzibar, soba hausi yoyote itakuelekeza, kwa kuwa zote zinajuana. Uganda, hospitali ya Butabika jijini Kampala ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Rwanda, ulizia hospitali ya Ndera, pembezoni mwa Kigali.

Aliye Uingereza apige 0800 9177 650, namba ya bure ya AA yenyewe. Aliye Marekani apige 1-800-662-4357, namba ya serikali, ya bure, saa 24. Huko shida ni kinyume cha yetu: mikutano ni mingi mpaka mtu anachanganyikiwa. Aliye Ghuba, ambako sheria za pombe ni kali na mwajiri ndiye mwenye kibali chako cha kuishi, kwa maoni yangu aanzie mikutano ya mtandaoni, kwa simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, asitumie waifai ya kambi.

Kuna programu ya simu ya bure iitwayo Meeting Guide, inayotolewa na AA. Ukiiruhusu ijue ulipo, itakuonyesha mikutano ya karibu ambayo vikundi vimejiandikisha. Ikikuonyesha patupu, usikate tamaa. Imekuambia tu kwamba hakuna kikundi cha jirani kilichojiandikisha. Ikikuonyesha mkutano, usifunge safari kabla ya kuhakikisha kwa simu. Kumbi hubadilishwa, katibu huhama, na sikukuu huahirisha mambo.

Usimsahau mwenye ukumbi. Mikutano mingi hukutana kwenye ukumbi wa kanisa, darasa au chumba cha hospitali kwa kuwa kodi yake ni ndogo. Katibu wa parokia anaweza kuwa hajui lolote kuhusu uraibu, lakini anajua nani huchukua ufunguo wa ukumbi mdogo kila Jumanne jioni. Na Mwislamu au asiye na dini asiogope jengo. Kikundi ni mpangaji tu pale.

Simu ya kwanza

Ukishapata namba, piga mchana ukiwa na akili yako, ukiwa mahali ambapo huna haja ya kunong'ona. Kama unahofia mtu wa nyumbani ataiona, ihifadhi kwa jina la fundi. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi, kitu kama hiki:

"Habari za saa hizi, ndugu yangu. Nimepewa namba hii hospitali. Naulizia mkutano wa AA."

"Nzuri, karibu sana kaka. Unaulizia kwa ajili yako au ya mtu wako?"

"Yangu mwenyewe."

"Umefanya vizuri kupiga. Mimi pia ni mlevi, nimeacha. Leo umekunywa?"

"Asubuhi, kuzimua tu."

"Sawa, hiyo isikuzuie. Tunakutana kesho, saa kumi na mbili jioni. Ukifika getini nipigie, nitakuja kukuchukua."

Angalia hiyo sentensi ya mwisho. Iombe kama hukupewa: "Naomba mtu anipokee getini." Kila kikundi chenye afya kitakubali, na inakuepusha na lile balaa la kusimama mbele ya mlinzi na kumweleza, watu wakikupita, kwamba umekuja mkutano wa walevi. Ikibidi kumwambia mlinzi kitu, sema umekuja kwenye mkutano wa AA, au mkutano wa ukumbi mdogo, basi.

Kabla hujakata, uliza haya: mkutano ni wa wazi au wa kufungwa? Wa wazi, yeyote anaweza kuingia, hata mke, kaka au mwanafunzi wa udaktari. Wa kufungwa ni wa wenye tatizo la pombe tu. Uliza lugha pia. Mijini vikundi vingine huendeshwa kwa Kiingereza, na mtu anaweza kukaa saa nzima akiona haya kufungua mdomo. Mara nyingi ukiomba kusema kwa Kiswahili hakuna anayekataa. Mwanamke aulize kama kuna mkutano wa wanawake, au angalau aunganishwe na dada au mama wa kikundi azungumze naye kabla ya siku yenyewe.

Ukienda kwa mtandao

Tangu mwaka 2020 mikutano ya Zoom imekuwa mingi mno, na ipo inayoendelea saa yoyote ya usiku. Orodha kubwa ya AA iko aa-intergroup.org, unachagua lugha, siku na aina ya mkutano.

Linalowakwamisha watu ni saa. Ratiba ikisema 18:00 na wewe uko Nairobi, Dar au Kampala, kwanza jua ni 18:00 ya wapi. Ya Johannesburg ni saa moja usiku kwetu, mwaka mzima, na ndiyo maana napenda kuwaelekeza watu kwenye mikutano ya Afrika Kusini. Wenzetu hao wana mikutano mingi na muda wao unaelekeana na wetu. 19:00 ya London ni saa tatu usiku wakati wa majira yao ya joto na saa nne wakati wa baridi. 20:00 ya New York ni saa tisa usiku wa manane au saa kumi alfajiri, muda wa kumfaa mlinzi wa zamu na aliyekosa usingizi.

Kabla ya kubonyeza kuingia, badilisha jina linaloonekana. Simu nyingi huweka jina lako kamili, na akaunti ya kazini huweka hata jina la kampuni. Bakiza jina moja, hata la utotoni. Zima kamera; inakulinda na inaokoa bando. Kama mtu anarekodi, toka.

Tahadhari hiyo hiyo iende WhatsApp. Ukiingizwa kwenye kundi la mkutano, kila mwanachama anaona namba yako, na picha yako ya wasifu kama hujaifunga. Kwenye mji mdogo hiyo ni sawa na kujitangaza. Mwombe katibu akutumie ratiba kwako binafsi mpaka utakapokuwa umewazoea.

Saa moja ya kwanza

Fika mapema kidogo. Ukichelewa utaingia watu wakiwa kimya na macho yote yatakugeukia, ingawa hakuna aliyekusudia ubaya. Utakuta viti vimepangwa duara au mistari, birika la chai, pengine vijitabu mezani. Mtu atakusalimia kwa mkono. Jina moja linatosha.

Mwenyekiti wa siku hiyo, ambaye ni mwanachama tu aliyepewa zamu, hufungua kwa maneno mafupi kuhusu kikundi, mara nyingi na sala ya kuomba utulivu wa kuyakubali yasiyobadilika na ujasiri wa kuyabadilisha yanayowezekana. Kisha watu huzungumza mmoja mmoja: "Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Wengine huitikia kwa salamu. Anasimulia, anamaliza, anafuata mwingine. Hakuna anayemjibu, kumkosoa wala kumpa ushauri katikati. Wageni hulishangaa hili, kwa kuwa vikao vyetu vya familia na vya mtaa vimetuzoesha kwamba mtu akitaja kosa lake, wazee watano wanasubiri zamu ya kumsema. Pale husemwi.

Zamu yako ikifika una majibu mawili. "Naitwa Juma, leo nasikiliza tu." Au useme machache uliyonayo. Hulazimiki kujiita mlevi siku ya kwanza wala ya kumi.

Kapu hupitishwa kwa kodi ya ukumbi na chai. AA haipokei pesa za serikali, kampuni wala wafadhili wa nje. Hujitegemea kwa michango ya wanachama wake. Mgeni akilipitisha kapu bila kutia kitu hakuna anayemtazama. Baadhi ya vikundi hutoa sarafu ndogo kwa waliotimiza siku, mwezi au mwaka bila kunywa, na watu hupiga makofi. Mwishoni wengi husimama, hushikana mikono na kufunga.

Usikimbie papo hapo. Zile dakika kumi za chai baada ya kufunga ndizo zenye namba za simu. Omba mbili au tatu, za watu wa jinsia yako, na uulize ni saa ngapi wanapokea. Utazihitaji Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia.

Kupima kikundi

Nenda kwenye kikundi kimoja mara kadhaa kabla ya kukihukumu, kwa sababu mkutano hubadilika kulingana na waliokuja. Kikikukera bado, tafuta kingine. Vikundi vinatofautiana kama misikiti na makanisa yanavyotofautiana mtaa mmoja: hapa wanaimba, pale wananyamaza, huku wazee watupu, kule vijana wa chuo.

Yapo mambo ya kukuondoa siku hiyo hiyo. Mtu anayedai ada ya uanachama. Anayeuza dawa ya mitishamba ya "kukata hamu" mlangoni. Anayekuambia uache dawa za msongo wa mawazo, za kifafa au za kupunguza hamu ya pombe kama naltreksoni kwa kuwa "nazo ni ulevi". AA yenyewe inasema wanachama wasijifanye madaktari. Anayerekodi au kupiga picha. Na mzoefu anayemwandama mgeni wa jinsia nyingine kwa mapenzi: mgeni huwa dhaifu wiki hizo, na huyo anajua hivyo. Mwambie katibu, na kama katibu anacheka, hicho si kikundi chako.

Baada ya hapo

Wageni huambiwa wajaribu mikutano 90 kwa siku 90. Kwa mtu wa Nairobi mwenye intaneti inawezekana. Kwa mama anayeuza mboga Singida na mwenye watoto watatu, si rahisi. Chukua lengo lililomo: mwanzoni nenda mara nyingi kadiri unavyoweza, ana kwa ana au kwa simu, kwa sababu miezi ya mwanzo ndiyo yenye mitego.

Ukishawazoea watu, tafuta sponsa, yaani mwanachama aliyekaa muda bila kunywa na anayeweza kukupitisha kwenye hatua. Halipwi. Chagua ambaye maisha yake ungependa kuwa nayo, wala usimchague kwa ufasaha wake wa kusema. Kumwomba ni sentensi moja: "Kaka, ungeweza kunishika mkono kwenye hatua hizi?" Akikataa kwa sababu ana wengi, muulize amfahamu nani.

Ukiteleza ukanywa, rudi mkutano unaofuata. Hilo linasemwa sana lakini ni gumu kulitenda, kwa kuwa mtu huona atakutana na nyuso za hukumu. Kwa kweli chumba kile kimejaa watu waliorudi hivyo hivyo. Tuma ujumbe kwa mojawapo ya zile namba: "Nimekunywa jana. Nakuja leo." Uandishi huo mfupi unapunguza siku za kulewa mbele yako. Kama umerudia kunywa kwa wingi kwa majuma, yale niliyosema kuhusu hospitali yanarudi pale pale.

Kama mnywaji si wewe

Mke, mume, mzazi au mtoto ana mikutano yake: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, na Alateen kwa vijana. Zinakusaidia wewe, hata kama yeye anaendelea kunywa na hataki kusikia. Mnywaji mwenyewe unaweza kumpeleka kwenye mkutano wa wazi, ukakaa naye, bila kumsemea. Mtu akiletwa kwa nguvu na baraza la ukoo atakaa, atainamisha kichwa, na jioni atakunywa kwa hasira. Mpe namba, mwambie saa, mpe nauli ya kwenda tu mkononi, na umwahidi utakwenda kumchukua.

Kama hakuna mkutano kabisa

Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kikundi. Huhitaji usajili, katiba, mwenyekiti wa kudumu wala fedha za mfadhili. Hudhuria kwanza mikutano ya mtandaoni kwa muda ili ujue inavyoendeshwa, na uwe na sponsa japo wa mbali. Kisha mwombe muuguzi wa afya ya akili akuunganishe na mtu mmoja mwingine anayetaka kuacha, kwa ridhaa yake.

Tafuteni chumba kisicho cha mtu binafsi. Nyumbani kwa mtu hapafai, kwa sababu siku akiteleza yeye mkutano unakufa naye. Darasa la shule ya msingi baada ya masomo au chumba cha zahanati kinatosha. Wekeni siku moja na saa moja, na msizibadilishe hata mkiwa wawili na mvua inanyesha, kwa sababu wa tatu atakayekuja atakuwa ameambiwa saa hiyo na mtu mliyemsahau. Andikeni siku, saa, mahali na namba moja ya simu kwenye karatasi. Pelekeni nakala kwenye zahanati, ofisi ya ustawi wa jamii, ofisi ya mtendaji au chifu, kanisani na msikitini, na dawati la jinsia la polisi, ambalo hupokea kesi nyingi zilizoanzia kwenye chupa. Halafu kijulisheni kikundi cha AA cha mji mkubwa wa karibu, kiwasaidie kuingia kwenye orodha.